Radhi ya Kwenda Mlimani

Baba alisomesha Kurani Faza tangu ujana wake mpaka uzee, na kila alipofika kwenye aya zinazotaja kwamba milima ni vigingi vya ardhi, alisita. Alitufasiria neno kwa neno, akataja waliyoyasema wanazuoni, kisha akamaliza kwa kusema, "Mimi mwenyewe sijauona mlima." Aliyasema hayo bila haya. Kisiwa chetu cha Pate ni bapa. Kilichokuwa juu kuliko vyote mjini kwetu ni paa la msikiti na minazi, na baba alikuwa mtu wa kwenda Lamu na kurudi, mara chache Mombasa. Alitaka kuuona mlima mmoja tu. Hakuwa akilitamka kama dua, ila sisi tuliokaa naye tulijua.

Nami nilikaa naye sana. Mume wangu alifariki mapema, mama yangu alikuwa ametangulia kabla yake, na nilipotoka eda nilirudi kwa baba. Nilimpikia, na jioni nilimsomea vitabu, kwa sababu miaka michache baada ya uhuru macho yake yalianza kufunga. Hayakufunga kama taa inayozimwa. Yalifunga kutoka pembeni. Aliona kilicho mbele yake tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Aliweza kuusoma mstari mmoja wa kitabu, lakini sahani iliyokuwa ubavuni mwake hakuiona mpaka aiguse. Daktari wa serikali aliyekuja Faza kukagua alimtazama kwa kurunzi yake, akasema kwa upole kwamba tundu lile litazidi kuwa dogo, na kwamba hana dawa yake. Baba alimshukuru, akamwombea safari njema. Usiku ule sala zake zilikuwa ndefu.

Mwaka huohuo alikuja mwalimu wa skuli, Mkristo kutoka bara, kwao karibu na Naivasha. Alikuwa mrefu, mpole, na mwezi wa kwanza aliteswa na maji yetu ya kisima, ambayo yana chumvi kidogo. Baba alimkuta sokoni akiuliza kama kuna maji mengine. "Mwalimu," baba akamwambia, "sisi tunaokoa chumvi. Mchuzi wetu unatiwa maji tu." Wakacheka, na tangu siku ile mwalimu akawa mtu wa kuja barazani kwetu baada ya alasiri kunywa kahawa. Mimi nilikaa ndani ya ukumbi, mlango ukiwa wazi, na mazungumzo yao yote niliyasikia.

Siku moja baba alimwuliza kama kwao kuna milima.

"Ipo mingi, Maalim. Kuna mmoja ulikuwa unatoa moto hapo zamani. Moto ulizima, na sasa ndani yake kuna ziwa."

Nilisikia kikombe cha baba kikiwekwa chini. "Ndani ya nini?"

"Ndani ya mlima. Unapanda mpaka ukingoni, halafu unatazama chini, tumboni mwake, unaona maji. Ya kijani."

"Nani aliyeyatia?"

"Mungu."

"Basi hapo sisi wawili hatuna ubishi," baba akasema. "Hebu nionyeshe ulivyo."

Mwalimu alitazama huku na huku, akaomba kinu. Nilikitoa kinu cha kutwangia, nikakisukuma mpaka mlangoni. Akatia maji kidogo ndani yake, akamshika baba mkono, akampitisha kwa nje kutoka chini mpaka juu, akamfikisha kwenye ukingo. "Hapa unasimama. Hapa unapumzika. Sasa tazama." Baba aliinama, akalipeleka jicho lake moja kwa moja juu ya kinu, akakaa hivyo kwa muda. "Mahali pa moto," akasema, "pamejazwa maji." Alipoinuka, ndevu zake zilikuwa na unga wa mtama.

Ndivyo safari ilivyoanza kupangwa. Mwalimu angekwenda kwao skuli zikifungwa mwezi wa nane, nasi tungefuatana naye, mimi nikiwa pamoja na baba ili nimshike mkono na nimwambie kilicho pembeni. Tungepanda mashua mpaka Lamu, tuvuke, tukamate basi mpaka Mombasa, kisha gari la moshi. Tungelala kwa mama yake mwalimu, na alfajiri, tukisha kusali, tungetoka kabla ya jua kukaza. Mwalimu alisema mtu wa makamo hupanda asubuhi na kushuka mchana, na kwamba njia, au ndia kama tulivyoiita sisi, ni ya mchanga mwepesi na mawe.

Baba alizipanga sala zake kwanza. Adhuhuri na alasiri angezikusanya na kuzifupisha, kwa kuwa ni msafiri, na angezisali kandokando ya ziwa. Kibla alikipata kwa kumhoji mwalimu jua la kwao huchomoza nyuma ya mlima upi. Kisha likaja suala la udhu. Mwalimu alisema maji yale ni ya magadi na yana rangi, hayanyweki. Baba alikaa siku nzima na kitabu cha fikihi, mimi nikimsomea, mpaka tukafika pale panaposema kwamba maji yaliyobadilika kwa sababu ya mahali yalipokaa hubaki na utohara wake. Alifurahi kama aliyepokelewa na mwenyeji. "Nitatawadhia humohumo," akasema.

Miguu nayo aliipangia. Kwa kuwa hatukuwa na kilima, alianza kupanda ngazi za msikiti. Alipanda mpaka juu, akashuka, akapanda tena, makubadhi yake mkononi. Jirani yetu mmoja, muuza samaki, alimwita kutoka chini: "Maalim! Adhana ni tano. Hiyo ya sita umeitoa kitabu gani?" Baba akamjibu akihema, "Hii ni ya kukuamsha wewe, maana zile tano hazikukuamsha." Mimi nilikwisha kuwa na hesabu yangu ya chakula: mikate ya mofa, kwa kuwa haiharibiki haraka, tende, na birika la kahawa. Mwalimu alileta koti zito la sufu kwa sababu kwao mwezi wa nane ni baridi. Baba alilivaa barazani kwenye joto letu, akajitazama kifuani, akasema anafanana na polisi.

Likabaki jambo moja, ambalo kwetu halirukwi. Mtu anayekwenda safari ya mbali hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Huomba asamehewe alilokosa kwa kujua na kwa kutojua, kwa maana hana hakika ya kurudi. Wengine hufanya hivyo kwa Hija tu, lakini baba alisema safari haichagui mtu wa kufa. Nikamshika mkono tukaanza upande wa msikiti. Watu walimpa radhi kwa kicheko. Bi kizee mmoja alimwambia, "Ulinichapa nilipokuwa mtoto chuoni kwako, nikisoma Kurani, nami sijasahau, lakini nenda, nimekusamehe, uniletee jiwe." Muuza samaki alisema amesamehe yote isipokuwa ile adhana ya sita. Mji wote tuliumaliza hivyo.

Aliyebaki alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, mkubwa wake, aliyeolewa kisiwani Kiwayu.

Inanipasa nieleze kilichokuwa baina yao. Bibi yangu, mama yao, alifia nyumbani kwetu, baada ya alfajiri. Baba alituma mtu Kiwayu mara ile, na shangazi akapanda mashua. Lakini sisi wa Faza tunajua bahari yetu. Maji yakipwa, mbele ya mji hubaki tope tupu, na chombo kilichochelewa hukwama huku kikiuona mji. Mashua ya shangazi ilikwama. Watu walikuja kumwambia baba kwamba inaonekana, na kwamba kuna mwanamke ameshuka anatembea topeni. Maiti alikuwa amekwisha oshwa. Baba alisema maziko hayacheleweshwi, na kwamba hiyo ndiyo sunna, na wala hakusema uongo. Wakasali, wakamchukua. Shangazi, tope likiwa juu ya magoti, aliliona jeneza la mama yake likipita baina ya minazi. Desturi yetu ni kumfunulia uso maiti kabla ya kufungwa sanda, ili walio wake wamtazame. Alipofika ndani, akiwa amelowa mpaka kiunoni, hakukuwa na wa kutazamwa. Alioga, akakaa matanga yote bila kumsemesha baba, akarudi kwao. Tangu hapo walisalimiana kwa kupelekeana watu.

Kwa hiyo, kabla ya skuli kufungwa, mimi na baba tukaenda Kiwayu. Shangazi alitupokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Karibu, mwana wa mama. Ketini. Wali upo, samaki yupo."

"Nimekuya kwa jambo, dada."

"Kula kwanza. Jambo halipoi. Samaki hupoa."

Tulikula. Baba alikaa akimkabili, ili amwone kwenye lile tundu lake, na mimi nilimsogezea sahani kwa kificho. Alipokwisha nawa akasema, "Nasafiri nti ya bara. Nimekuya kutaka radhi."

"Waenda Hija?"

"Naenda kutazama mlima."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Mtu mzima na ndevu zako! Huo mlima una nini?"

"Una mai ndani."

"Mai yako hapa mlangoni kwangu, na hayana nauli."

"Dada, nipe radhi yako."

Kicheko kikakatika. Alichukua sahani, akazipanga moja juu ya nyingine taratibu. "Wali nimekupa," akasema. "Samaki nimekupa. Ukitaka mkeka ulale, nitakutandikia. Radhi sina."

"Kwa lile la mama."

"Kwa lile la mama. Wewe ukijua kuwa niko topeni."

"Sharia yasema maiti aharakishwe."

"Sharia naijua. Na mimi nilisoma kwa babetu yuleyule. Haikusema dada aachwe topeni. Ungeningoja kadiri ya mtu kusali sala moja tu."

"Basi nifanye nini?"

"Ngoja. Mimi mbona nangoja tangu siku ile?"

Tuliporudi, ndani ya mashua, nilimwuliza baba kwa nini hakumwambia habari ya macho yake. Kama angejua, nikasema, asingemwambia angoje.

"Najua," baba akasema. "Ningemwambia, angenipa."

"Si ndiyo tuliyoiendea?"

"Angenipa huruma, akaiita radhi. Nami ningeichukua nikijua si yenyewe. Yeye ana haki yake, na haki haiombwi kwa kuonyesha kidonda." Kisha akaniambia nisimwambie, wala nisimtume mtu kumwambia. Nilimwahidi.

Nilijaribu njia nyingine. Nilimwuliza kama radhi ya dada ni sharti la safari. Alisema si sharti. Ingekuwa Hija ya faradhi, angekwenda na kumwachia Mungu. "Lakini hii ni hamu ya jicho langu," akasema. "Nimkanyage ndugu yangu mara ya pili kwa hamu ya jicho?"

Mwalimu alipopewa habari alishika kichwa. "Maalim, kwetu dada akikasirika tunampelekea kondoo, mambo yanaisha."

"Huyu wangu ameshiba samaki. Kondoo hatamjua."

"Nasema kweli. Macho hayangoji mtu."

"Kweli, hayangoji," baba akasema. "Kunywa kahawa."

Mwezi wa nane mwalimu alikwenda kwao peke yake. Koti aliliacha kwetu, akisema mwezi wa kumi na mbili tutalivaa. Baba aliendelea na ngazi za msikiti, lakini sasa alipapasa ukuta. Niliona namna mambo yanavyomtoka moja baada ya jingine. Kwanza ziliondoka nyuso za watu waliosimama mbali, kisha herufi ndogo za pambizoni mwa kitabu. Ikafika siku aliponirudishia msahafu wake, akaniambia niuweke mahali pa juu, kwani aliyahifadhi yaliyomo tangu utotoni na hapana haja ya kuuchosha. Akasema Alhamdulillahi. Niliuweka, nikaenda jikoni, nikalia huku nikipepea moto ili nipate kisingizio cha moshi.

Kila aliyekuwa akienda Kiwayu alipewa salamu. "Mwambieni dada, bado nangoja." Jibu lilikuwa moja. "Mwambieni nimesikia."

Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikakaribia kwisha. Skuli zilikuwa zimefungwa, na mwalimu alikuwa amepata habari ya kuhamishwa. Hangerudi Faza tena. Alikuwa akingoja chombo cha kumpeleka Lamu, na kila siku alikuja barazani, akakaa, akaulizia Kiwayu kwa macho bila kusema, nami nikatikisa kichwa. Wakati huo lile tundu la baba lilikuwa limekwisha kuziba. Alibaki na kutofautisha mchana na usiku. Nje ya nyumba walijua wachache, kwa maana alitembea njia alizozizoea na kumtazama kila mtu aliposikia sauti yake.

Shangazi alikuja bila kuitwa. Watu wa kwetu hawapendi kuingia Ramadhani na kinyongo moyoni, na nadhani hilo ndilo lililomwinua. Alifika maji yakiwa yamejaa, akatua na kikapu cha samaki wakavu, akaja moja kwa moja ukumbini. Baba alikuwa kitandani, amekaa. Alimgeukia alipomsikia.

"Ndoo, dada. Ndoo uketi."

Aliketi kwenye kiti. Hakuuliza hali. "Nataka neno moja kwako," akasema, "na usinitolee kitabu. Mama alikuwaje?"

Kwetu anayeosha au kumwona maiti hufunika alichokiona, na sidhani baba alikuwa amewahi kulisema hili kwa mtu. Lakini alianza. Alisema uso wake ulikuwa mweupe wa utulivu, kama wa mtu aliyemaliza kazi. Kwenye paji la uso kulikuwa na jasho kidogo, na hiyo wanazuoni wanaihesabu kuwa ni alama njema. Nywele zake zilikuwa zimesukwa siku ya jana yake. Kope moja haikufunga sawasawa, ile ya kushoto, na baba aliishusha kwa kidole mara mbili.

"Alisema nini?"

"Aliuliza, mwanangu wa Kiwayu amefika? Nikamwambia yuko ndiani."

Shangazi alishika mtandio wake, akaukaza mdomoni.

"Nami niliposikia umefika topeni," baba akasema, "sikukungoja. Sharia ilikuwa nami, lakini si sharia iliyonifanya. Niliogopa watu waseme Maalim anachelewesha maziko kwa ajili ya mwanamke. Hilo ndilo, dada. Sina jingine."

Nje niliwasikia watoto wakipita na mpira wa matambara. Shangazi alilia bila sauti, akajipangusa, akasema, "Hilo ungelisema Kiwayu, tungekula samaki vizuri. Nimekupa radhi. Kwa mama na kwangu. Nimekupa duniani na akhera." Kisha sauti yake ya kawaida ikarudi. "Haya, nenda mlimani kwako. Ukirudi uniambie hayo mai yana nini."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia. Alinipokonya kikombe, akamnyoshea ndugu yake mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya, nasikia, walipokuwa watoto. "Shika kahawa."

Baba alinyosha mkono. Ulipita kando ya kikombe, ukapapasa hewa, ukarudi, ukapita tena.

Shangazi alikitazama kikombe, akautazama mkono, akamtazama baba machoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mato yako," akasema.

"Shika polepole, kitamwagika," baba akasema.

"Tangu lini?"

Akanigeukia mimi. "Wewe! Tangu lini?" Nami nikamwambia: yalianza kabla hatujaenda Kiwayu, na wakati ule alikuwa bado aona mbele.

"Alikuwa aona," shangazi akasema. "Alikaa kwangu, akaona, nami nikamwambia ngoja." Akakiweka kikombe sakafuni. "Mbona hukuniambia, mwana wa mama? Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka hii uliyonipa yeo," baba akasema. "Nimeipata. Usilie."

Lakini alilia, na safari hii alilia kwa sauti, mpaka majirani wakadhani tumefiwa. Mwalimu alikuja mbio. Shangazi, ambaye hakuwa amemwona kabla, alimwambia kwamba atalipa nauli yeye, na atambeba ndugu yake mgongoni mpaka juu. Mwalimu alimtazama baba. Baba akatabasamu, akasema kwamba aliyepofuka hana haja ya kuchosha mgongo wa mtu kwa kwenda kuusikia upepo, na upepo Faza upo. Akamwambia mwalimu achukue koti lake. Mwalimu alikataa, baba akakazania, na mwisho alilichukua, akaondoka na maji ya asubuhi. Hatukuonana naye tena. Mungu amlipe kheri popote alipo.

Baba aliniambia, tukiwa peke yetu, kwamba nikitaka ninaweza kwenda siku moja na nikaone kwa niaba yake. Sikwenda. Nani angekwenda nami, na nani angebaki naye? Nimefika umri ambao magoti hayapandi hata ngazi za msikiti, na sijauona mlima. Sinung'uniki. Nilipewa miaka ya kumshika mkono, na wapo waliopewa milima wakanyimwa hiyo.

Shangazi hakurudi Kiwayu isipokuwa kuaga. Mumewe alikuwa amekwisha kufa na wanawe wamekwisha kujitegemea, akahamia kwetu, akamtumikia ndugu yake mpaka siku baba alipofariki. Yeye ndiye aliyemtilia kikombe mkononi, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja kukizunguka. Walicheka, walibishana juu ya mambo ya utotoni, wakasahihishana Kurani usiku wa Ramadhani. Lakini barazani kwetu walipita wageni wa kila namna, waalimu wapya, maofisa, askari wa kutoka bara, na mara nyingine mmoja alianza kueleza kwao, na vilima vya kwao. Hapo shangazi alinyanyuka bila kuaga, akaingia jikoni. Baba alimsikia akienda. Alingoja mpaka tukasikia masufuria yanagongana, ndipo akamwinamia mgeni, akamtoa kwenye vilima kwa kumwuliza, kwa sauti ya chini, kama mvua zimenyesha huko alikotoka, na mahindi yamefikia wapi.